Lokesheni na wadi ni kitu kimoja? Na Vihiga tuko wangapi?

Mtu_wa_Kondele:
Habari zenu wadau, niko hapa Kisumu najaza fomu ya basari ya mdogo wangu, nyumbani ni Vihiga upande wa Mbale. Fomu inataka wilaya, tarafa, lokesheni, sablokesheni, halafu chini kabisa tena wadi na eneo bunge. Nimeandika South Maragoli kwa lokesheni, nikaandika South Maragoli tena kwa wadi, dada wa saiba ananiangalia ananiambia umerudia. Kwani ni kitu kimoja? Na wilaya si zilikufa? Halafu kuna jamaa wa Siaya hapa anasema kakaunti ketu hakana watu, mwenye namba aziweke tumnyamazishe.

Chavakali_Stage:
Hujarudia bana. Hizo ni ngazi mbili tofauti. Moja ni ya serikali kuu, inashuka kutoka kwa kamishna wa kaunti, naibu wake wa kaunti ndogo (yule tulikuwa tunaita DC, mkuu wa wilaya), tarafa, chifu wa lokesheni, naibu wa chifu wa sablokesheni, mpaka liguru wa kijiji ambaye ndiye anakujua mpaka jina la ng'ombe wenu. Ile nyingine ni ya kura, eneo bunge na wadi, huko ndiko kuna mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi). Jina likifanana haimaanishi mipaka ni ile ile, wadi ilichorwa na watu wa uchaguzi. Vihiga nzima ina maeneo bunge 5, yaani Vihiga, Sabatia, Hamisi, Emuhaya na Luanda, na wadi 25. Luanda ilikatwa kutoka Emuhaya 2012, ndio maana wazee bado wanachanganya. Muhuri wa chifu ni wa lokesheni, usiupeleke kwa ofisi ya MCA utazungushwa.

Mzee_wa_Faili:
Kuhusu wilaya, hiyo fomu ni kopi ya kopi ya zamani. Vihiga ilitolewa Kakamega 1990 ikawa wilaya, ikawa na tarafa 6: Vihiga, Sabatia, Emuhaya, Luanda, Tiriki Mashariki na Tiriki Magharibi. Wakati wa Kibaki wilaya zikachipuka kila mahali mpaka ukilala unaamka una DC mpya, halafu katiba ya 2010 ikarudi kwa zile 46 za sheria ya 1992, ukiongeza Nairobi unapata kaunti 47. Kwa hivyo pale kwa wilaya andika tu Vihiga, na kaunti ndogo yako pia ni Vihiga, wasikuchanganye.

Binti_Tiriki:
Mwambie huyo wa Siaya akae chini 😂 Sensa ya 2019 sisi 590,013, wao 993,183, sawa wametushinda, lakini wao ni kama watu 393 kwa kilomita mraba na sisi 1,047, Nairobi na Mombasa ndio pekee wako mbele yetu. Hamisi peke yake ni kama 159 elfu. Shamba letu babu aliwagawia wanaume wanne, baba naye akawagawia ndugu zangu, sahii kila mtu ana mistari kadhaa ya chai na kaburi katikati, ukitema mate yanaangukia kwa jirani na anakuja kuuliza. Ndio maana hatuongezeki sana, 2009 tulikuwa 554,622, miaka kumi tumeongeza kama 35 elfu tu. Si ati hatuzai. Watu wako Lugari, Kitale, Nairobi, kuna Wamaragoli walienda mpaka Kiryandongo huko Uganda na wakakaa.

Chavakali_Stage:
@Binti_Tiriki na Disemba wote wanarudi kulala kwa hiyo mistari ya chai.

Mtu_wa_Kondele:
Asanteni, nimejaza zote imebaki sablokesheni. Nimempigia mathe aniambie jina, ananipa jina la liguru na ananiuliza kama nimekula.