Kanuni ya tano na dawa za akili: ni kileo au ni tiba?

Njia_ya_Kati:
Wakuu, naomba ushauri wa wanaojua mafundisho ya Buddha na wanaojua dawa. Mtu ameshapokea kanuni tano za maadili za Kibuddha, na ya tano ni kujiepusha na vileo. Daktari wa magonjwa ya akili amemwandikia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, kila siku, na diazepamu kwa siku chache ili apate usingizi. Anajiandaa kwa mafungo ya tafakuri ya siku 10, yenye kanuni nane, hakuna kula baada ya adhuhuri. Wenzake wanamshauri aache dawa aingie na "akili safi". Je, dawa hizi zinavunja kanuni? Na akienda nazo, aangalie nini?

Msoma_Vinaya:
Ndugu, anza na maneno yenyewe. Kanuni kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, inataja *sura*, kileo cha unga na nafaka. *Meraya*, kileo cha matunda, maua, asali au miwa. *Majja*, chochote kinacholewesha. Kisha *pamadatthana*, yaani kinachomfikisha mtu kwenye kughafilika. Hilo la mwisho ndilo mizani. Kinachokatazwa ni kunywa ili ulewe, au kunywa kinachokuondolea uangalifu ukafanya usiyoyakusudia.

Sasa tazama jinsi Vinaya, yaani sheria za watawa, inavyoshughulikia pombe ndani ya dawa. Mtawa Pilindavaccha alikuwa na ugonjwa ambao tiba ya kale iliuita wa upepo, waganga wakasema apikiwe mafuta yenye pombe. Buddha akaruhusu. Watawa wengine wakazidisha pombe wakalewa, ndipo kikawekwa kipimo: mafuta ya kunywa yasionyeshe rangi, harufu wala ladha ya pombe. Yaliyozidishwa hayakumwagwa, yalitengwa yawe ya kuchua. Yaani kitu kilekile kinahukumiwa kwa kiasi na kwa matumizi. Lithiamu ni chumvi, haileweshi hata kidogo, wala haimo katika mjadala huu.

Jani_Kavu:
Lakini ugonjwa wa akili si matunda ya karma, yaani matendo ya zamani? Ukiuzuia kwa kidonge, unaahirisha deni. Tafakuri ingetosha.

Msoma_Vinaya:
Hapana, ndugu, na kauli hii inaumiza watu. Katika Sivaka Sutta, moja ya hotuba zake, Buddha aliulizwa kama kila kinachohisiwa kinatokana na matendo ya zamani, akakataa. Akataja nyongo, kohozi, upepo, mchanganyiko wa hayo matatu, mabadiliko ya majira, kujitunza vibaya na kudhuriwa, ndipo karma ikaja kama moja kati ya sababu nane. Mahavagga, sehemu ya Vinaya, nayo inamtaja mgonjwa aliye mgumu kuuguzwa: anafanya yanayomdhuru, hajui kiasi, hatumii dawa, hamwambii anayemuuguza hali yake kama ilivyo, hastahimili maumivu. Kutotumia dawa kumehesabiwa kama kasoro ya mgonjwa, si utakatifu.

Kabati_la_Dawa:
Nijibu upande wa dawa, maana hapo ndipo mtu anaweza kufa.

Lithiamu isikatwe ghafla. Hata daktari akiamua kuiondoa, hupunguzwa kwa wiki 4 angalau, na bora miezi 3, kwa sababu ikikatwa ghafla mania, yaani msisimko mkali wa akili usiodhibitika, hurudi haraka. Mafungo yenyewe tayari yana kichocheo: mengi huamsha watu saa kumi alfajiri, na kukosa usingizi huiamsha mania. Aombe mapema ruhusa ya kulala saa zake za kawaida.

Hatari ya pili ni maji na chumvi. Akitoka jasho sana, akiharisha, au akipunguza chumvi ghafla, figo huishikilia lithiamu na kiwango chake kwenye damu hupanda. Wengi hulengwa kwenye 0.6 hadi 0.8 mmol/L, damu ikichukuliwa masaa 12 baada ya dozi. Apime kabla ya kwenda. Akianza kutetemeka kwa nguvu, kutapika, kuharisha, kuyumba au kuongea kwa ulimi mzito, asimeze dozi inayofuata na apelekwe hospitali mara moja. Na hili husahaulika: magoti yakiuma kwa kukaa, mtu humeza ibuprofeni au diklofenaki. Zote hupandisha lithiamu. Atumie parasetamoli.

Diazepamu ndiyo inayohitaji uangalifu wa kikanuni. Inagusa mfumo uleule wa ubongo unaoguswa na pombe, hubaki mwilini siku kadhaa, na husababisha utegemezi. Ikimezwa kama ilivyoandikwa ni tiba. Kuongeza kidonge ili kukimbia hofu inayotokea kwenye tafakuri, hapo kanuni imeguswa. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate kwa mpigo: degedege linaweza kumpata.

Njia_ya_Kati:
Asante sana. Na dawa za kumeza na chakula, ikiwa hakuna chakula cha jioni?

Kabati_la_Dawa:
Inategemea dawa. Lurasidoni, mojawapo ya dawa za magonjwa ya akili, huhitaji mlo wa kalori 350 au zaidi, bila hivyo sehemu kubwa haiingii mwilini. Kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku, daktari anaweza kuihamishia mlo wa kabla ya adhuhuri. Ziprasidoni, dawa nyingine ya aina hiyo, ni mara mbili kwa siku na mlo, haikwepeki.

Msoma_Vinaya:
Basi mwenye ziprasidoni apokee kanuni zote isipokuwa ile ya sita, ya kutokula baada ya adhuhuri, na ale jioni bila aibu. Vitano vinavyoruhusiwa baada ya adhuhuri kwa mgonjwa, yaani samli, siagi, mafuta, asali na sukari guru, havikuwekwa kuziba nafasi ya mlo. Aandike dawa zote kwenye fomu ya kujiandikisha, dozi na saa zake, pamoja na namba ya daktari. Mwalimu akimtaka aziache ili akubaliwe, achague mafungo mengine.