Mrejesho: Kuhamisha rekodi za kujifungua kwenda kliniki nyingine

Habari zenu wapendwa. Niliuliza hapa nifanyeje ili kliniki ya karibu na nyumbani ione rekodi za hospitali niliyojifungulia, maana presha ilipanda mwishoni mwa ujauzito na nilitoka wodini na dawa.

Nilimfuata aliyesema niende masjala, nijaze fomu ya ridhaa na nitaje ninachotaka kimoja kimoja: muhtasari wa kuruhusiwa, vipimo vya presha na mkojo, dawa na dozi zake. Walituma siku hiyohiyo. Shida, mifumo yao haisomani: muhtasari ulifika, majibu ya maabara mpaka leo hayajafika. Hapo nakala ya karatasi mliyosema nitembee nayo ikaniokoa. Nesi aliilinganisha na kompyuta yake, akakuta dozi iliyomo ni ile ya wakati wa mimba, akairekebisha nikiwa nimekaa palepale. Akanikumbusha kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuanza hata baada ya kujifungua, hadi wiki 6, hivyo kichwa kikiuma sana au macho yakiona maluweluwe nisisubiri tarehe ya kliniki.

Rekodi za mtoto bado. Kumbe ana faili lake na namba yake, na fomu yangu haikumhusu (hili hakuna aliyenidokeza pale masjala!). Nimeshaijaza ya kwake, nasubiri. Mnaokuja nyuma yangu, ombeni zote mbili kwa mpigo.

Asanteni sana, hasa dada wa ushauri wa nakala.