Naomba ushauri: abaki kiwanda cha nguo au asomee ufundi mwingine?

Ndugu wanachama, assalamu alaykum. Mdogo wangu wa kike hushona suruali za kuuzwa Marekani katika kiwanda kimoja hapa Mombasa, kwa mkataba mfupi, na anafikiria kuacha ili asomee ufundi wa umeme. Sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoziondolea nguo zetu ushuru kule, ilileta ajira nyingi za aina hii. Lakini soko letu lilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba iliingia kwa wingi na viwanda kama KICOMI cha Kisumu vikafungwa, jambo linalonitia hofu sana. Tumewauliza wasimamizi wake, nao hawakutupa jibu la wazi.

Mliofanya kazi viwandani wakati nchi tajiri zilipoondoa mwaka 2005 viwango vya juu vya nguo zilizoruhusiwa kuagizwa kutoka kila nchi, na ushindani ukazidi, waliopunguzwa kazini walipata kazi gani? Na je, uzoefu wa cherehani za kiwandani hukubaliwa na waajiri wengine bila cheti?