Re: Nirudi Mwanza na MX-5 yangu?

Kutoka: Leicester

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Mkataba wangu unaisha mwakani mwishoni, narudi Mwanza moja kwa moja. Nina Mazda MX-5, viti viwili, paa linafunguka, nimelilea gari hili kama mtoto. Mke anasema uza. Mimi nawaza kulipandisha melini, maana usukani uko kulia kama nyumbani. Mnasemaje?

Kutoka: Buswelu, Mwanza

Mwangaluka, mdogo wangu. Mkeo ana akili.

Mimi nilikuja na Mazda RX-8, la chini kama lako, kutoka Southampton. Injini ya rota, lita 1.3 tu, lakini ukikanyaga mafuta hadi mshale wa mizunguko ya injini ukagusa 9,000 unasahau una madeni. Sasa lina tabia yake: ukiliwasha likiwa la baridi, ukalisogeza hatua tatu, ukazima, petroli inafurika ndani na haliwaki tena. Na kwangu ni "Baba, sogeza gari, fuso la mchanga lipite." Nasogeza, nazima, basi, asubuhi naita vijana wa kusukuma. Oili nayo linakula kwa maumbile yake, siyo ubovu. Lakini kila fundi niliyempelekea alisikiliza, akatikisa kichwa: "Bosi, ringi za pistoni zimekwisha." Gari la rota halina hata pistoni moja!

Mjini kwenye lami halikuwa na neno. Ukishaanza kupanda mawe ya huku kwetu, ni kulia tu. Matuta nilikuwa navuka kiupandeupande kama kaa. Pale kivuko cha Kamanga bampa la mbele lilibaki kwenye mlango wa kupandia, abiria wakashangilia. Siku hizi tunaokwenda Sengerema tuna daraja la Kigongo–Busisi, limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za lami juu ya maji. Lingekuwepo wakati ule pengine ningevumilia kidogo.

Aliyenimaliza ni mama. Nilimpeleka hospitali ya Bugando kwa ajili ya magoti. Kuingia garini aliingia, tumemshikilia. Kutoka ikashindikana, mpaka wakaja watu wawili kumwinua. Akasema tu, "Mwanangu, hili gari ni la kukalia chini kama mkeka." Wiki hiyo hiyo nikampigia dalali.

Sasa nina Noah. Aibu yake ni moja: nikisimama Igoma watu wanadhani ni ya abiria. Juzi wameingia wanne kabla sijafunga mlango, "Kisesa, eeh?" Nikawapeleka.

Sikia sasa la maana. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia nyumbani kuingiza gari moja bila ushuru wa forodha, mradi amelimiliki na kulitumia huko miezi 12 au zaidi. Muda wa melini hauhesabiwi. Ni gari moja, ndugu yangu, na mimi nafasi yangu niliimalizia kwenye RX-8! Wewe bado una mwaka na kitu. Uza MX-5 mwezi huu, nunua gari la juu, liandikishe kwa jina lako, tunza karatasi za bima na za gereji. Ukiikosa nafasi hiyo, ushuru ni asilimia 25, VAT 18, na gari dogo lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya umri wake. Hizo kodi nyingine muulize wakala kabla hujalipia meli. Na chukua la petroli. Toyota nyingine za huko ni dizeli, siyo zile za Japani ambazo mafundi wetu wanazifungua wamefumba macho.

Kutoka: Leicester

Kaka, nimemsomea mke, amecheka mpaka machozi hapo kwenye ringi. Kashika simu anatafuta RAV4. Ila niambie, RX-8 alinunua nani?

Kutoka: Buswelu, Mwanza

Kijana mmoja wa Nyakato. Haliwaki, liko uani kwake, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Nikipita pale napunguza mwendo, abiria wananiuliza kama tumefika.