Patisheni nne zimeisha: nifute moja, nihamie GPT au mashine pepe?

popo_wa_usiku: Habari wakuu. Nina kompyuta ya Windows, nataka kuongeza mifumo mingine miwili ya kuendesha kompyuta, Ubuntu (ni Linux) na FreeBSD. Nafasi ipo tele ila patisheni mpya, yaani kipande kipya cha diski, inagoma. Nifute moja, nihamie GPT (jedwali jipya la patisheni), au niweke mashine pepe tu, kompyuta ya kuigiza ndani ya Windows? Jumamosi naanza.

fundi_biti: Mkuu, ya muhimu hujataja. Jedwali la patisheni ni MBR ya zamani au GPT? Programu ya kuwashia mashine ni BIOS ya zamani au UEFI mpya? Patisheni ngapi, za nini?

popo_wa_usiku: Nne: ya kuwashia, C, ya data na ya kurejesha Windows. Hayo mengine naangalia wapi?

fundi_biti: Ya BIOS, fungua msinfo32, programu ya Windows ya taarifa za mashine. Ila nne halafu inagoma, hiyo ni MBR. Jedwali lake lina baiti 64 tu, kila patisheni inakula 16. Piga hesabu. Nakili data, ifute hiyo patisheni ya data, tengeneza ekstendedi (patisheni ya kubeba nyingine), humo weka lojiko (patisheni za ndani) uzitakazo. Linux inaziita kuanzia sda5, yaani namba tano, na Ubuntu inakaa humo bila maringo.

mzee_bsd: Na FreeBSD ilale wapi? Kwenye MBR inataka praimari yake, yaani moja ya zile nne za jedwali, ndani ndipo inajikatia vipande. Tatu zilizobaki na ekstendedi, zimeshakuwa nne tena!

nilishaungua: Popo, usibofye kitu kwanza. Mimi nilikuwa na nne vilevile. Nikapunguza C, nikaomba ya tano humohumo kwenye Windows. Kikaja kidirisha: diski itageuzwa kuwa dainamiki, mpangilio wa Windows yenyewe. Nikabofya Ndiyo, si ndivyo tunavyobofya vyote? Ya tano ikatokea, nikajiona fundi. Kuchomeka flashi ya Linux, kisakinishi hakielewi diski yangu. Kurudi nyuma, Windows inataka ufute voliumu zote kwanza. Nilikesha nanakili picha kwenye diski ya kuazima, asilimia inatambaa, saa tisa usiku ikakwama kwenye 71. Nikaanza upya.

gpt_daima: Ndiyo maana nasema GPT. Windows inakupa patisheni 128. Mbr2gpt, programu ya kugeuza MBR kuwa GPT, imo tangu Windows 10 toleo la 1703, haifuti data.

fundi_biti: Mbr2gpt inakataa ikikuta praimari zaidi ya tatu. Na Windows haiwaki kutoka GPT bila UEFI, ndiyo maana niliuliza.

mvivu_mwerevu: Mnamtesa bure. Mashine pepe, kwisha.

mzee_bsd: Hapo atajifunza kuendesha dirisha, si FreeBSD.

mwalimu_lugha: Samahani, patisheni ndiyo Kiswahili? Kwa nini si kiambaza?

nilishaungua: Kiambaza ni ukuta, mwalimu. Sisi tunagombania vyumba.

mwalimu_lugha: Basi fungu.

gpt_daima: Fungu la tano, ha ha. Popo, kwa hiyo mashine pepe, RAM ni GB ngapi?

popo_wa_usiku: 4. Na msinfo32 inasema Legacy, yaani BIOS ya zamani. Hivi ile ya kurejesha Windows nikiifuta pamoja na ya data, itawaka?

fundi_biti: Itawaka, ila tengeneza flashi ya Windows kwanza. Hiyo data ni GB ngapi?