Naomba ushauri: Mama anataka uamuzi wake wa matibabu uandikwe mapema

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yetu, mwenye umri wa miaka 81, mkazi wa Kisauni, Mombasa, ana maradhi ya moyo yaliyokwisha kukomaa, ingawa akili yake ni timamu kabisa. Ametamka mbele yetu kwamba hali ikizidi asiwekewe mashine ya kupumulia, bali atulizwe maumivu na auguzwe kitandani mwake, dirisha likiwa wazi apate kuisikia adhana. Kaka yangu mkubwa anaona kukubali hivyo ni kumtupa mzazi. Mimi naona ni kumtii. Wakili amenieleza kuwa wasia wa mali hautoshi, kwani hufanya kazi baada ya kifo, ilhali Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mgonjwa kumteua kwa maandishi mtu wa kutoa idhini kwa niaba yake pindi ashindwapo mwenyewe. Daktari naye ametaka tumpelekee karatasi yenye sahihi ndipo aiweke katika faili.

Naomba kuuliza: karatasi hiyo huandikwaje, na mashahidi wawe nani, ili hata hospitali nyingine iiheshimu usiku wa dharura? Na kwa mliopitia haya, nani afaaye kuzungumza na kaka: imamu, daktari au mzee wa ukoo?