Sarafu ndogo za shaba za falme ndogo za Ujerumani: nazitambuaje, na hii kutu ya kijani?

Mzizima64:
Habari wakuu. Nina sarafu za shaba za Ujerumani kama ishirini, za miaka ya 1840 hadi 1868. Hazina sura ya mtawala, ni ngao na maandishi tu. Kadhaa zimeandikwa 360 EINEN THALER, nyingine ni HELLER. Chini ya mwaka kuna A, F au B. Nazipangaje? Halafu tatu zina unga wa kijani ndani ya herufi. Nisugue kwa ndimu na majivu?

Lenzi_kumi:
Ndimu iache kwa samaki, mkuu.

Anza na ngao. Kila dola ndogo ilikuwa na alama yake: waridi ni Lippe, nyota ni Waldeck, dubu anayepita juu ya ukuta ni Anhalt. Simba anachanganya: Reuss wanaye, Hessen wanaye, kwa hiyo soma maandishi. Reuss nako kuna matawi mawili, la wakubwa na la wadogo, na wanaume wote waliitwa Heinrich. Wakubwa walihesabu hadi 100 ndipo wakaanza upya. Wadogo walianza upya kila karne. Ndiyo maana kwa wadogo Heinrich LXVII (wa 67) alifuatwa na Heinrich XIV (wa 14). Usidhani namba kubwa ni mtu wa baadaye.

360 maana yake pfennig (senti ndogo) 360 kwa thaler moja (sarafu kubwa ya fedha), hesabu ya Prussia, ufalme mkubwa wa kaskazini, tangu 1821: thaler ni silbergroschen 30, kila moja pfennig 12. Sarafu ya pfennig 3 huandikwa 120, maana 120 hizo hutimiza thaler. Heller ya Hessen-Kassel nayo ina 360, yaani ni sawa na pfennig ya Prussia kwa jina jingine. Kusini mwa Ujerumani walikuwa na fedha nyingine, kreuzer 60 kwa gulden, hizo ziweke kando.

fundi_chapa:
Naongezea herufi, hapo ndipo wengi huteleza. A ni Berlin, iliyofua sarafu za watawala wengi wadogo. Lakini kwenye pfennig za Sachsen-Altenburg au Coburg, F na B si miji. Ni maofisa wa kiwanda cha Dresden: Fischer hadi 1860, kisha Buschick. B ya sarafu ya Hannover huonyesha ilifuliwa Hannover.

Pima pia. Pfennig ya 360 ina takribani gramu 1.5, ya 3 ni kama 4.5. Mizani ya sonara inatosha.

Lenzi_kumi:
Sasa kijani. Chokoa kwa kijiti cha meno. Kikiwa kigumu na cheusicheusi, kiache, kinailinda shaba. Kikinata kama ute, ni plastiki laini ya mfuko: tumbukiza kwenye asetoni halisi, chombo cha kioo, dakika kumi, bila kusugua, mbali na moto. Ya kufutia rangi ya kucha haifai, mara nyingi ina mafuta.

Unga mwepesi unaorudi kila ukiufuta ni kloridi (aina ya chumvi) inayokula shaba kila ipatapo unyevu. Itenge sarafu hiyo. Loweka kwenye maji ya betri (maji, si asidi!), badilisha kila siku kwa wiki kadhaa, kausha kabisa. Ukiishi pwani, weka silika jeli (vijipunje vinavyofyonza unyevu) kwenye kopo linalofunga vizuri.

Mzizima64:
Mbili zinanata, moja ni unga. Ile sarafu ya pesa ya DOAG (kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki) ya 1890 nayo ni hivihivi?

fundi_chapa:
Hivyohivyo, nayo ni shaba. Ila usiigusie ndimu hata kidogo: ikishageuka rangi ya waridi, hakuna mkusanyaji atakayekupa bei ya maana.